Ngao ya joto ya ITER: tusiitupie asidi lawama zote

Novemba 2022, ITER, mtambo wa myeyungano wa nyuklia (kuunganisha viini vya atomi ili kupata nishati) unaojengwa kusini mwa Ufaransa, ulitangaza kuwa mabomba ya kupozea ngao yake ya joto yana nyufa, nyingine zenye kina cha hadi milimita 2.2. Chanzo kilichotajwa ni mkazo uliotokana na kukunja na kuchomelea mabomba kwenye paneli, pamoja na mabaki ya klorini karibu na maungio. Lawama za klorini hiyo huangukia asidi inayotumika kuandaa chuma kabla ya kupakwa fedha.

Paneli hizo za chuma cha pua zilipakwa fedha kwa sababu ya msingi. Uso mweusi kabisa wenye kelvini 300, yaani joto la chumbani, hutoa wati 459 za mnururisho wa joto kwa kila mita ya mraba. Wenye kelvini 80, wati 2.3 tu. Ngao hukaa karibu na hizo 80 ikizikinga sumaku za kelvini 4, na fedha huurudisha ulikotoka mwingi wa mnururisho unaoipiga.

Tatizo ni kwamba fedha haishiki kwenye chuma cha pua hivihivi. Kromi iliyomo kwenye chuma hicho hujivika utando wa oksidi wa nanomita chache, na hata ukiukwangua, hewa huurudisha mara moja. Ndiyo maana mafundi huondoa mafuta kwa alkali, husuuza, kisha huchovya kwenye bafu la nikeli: kwa kawaida gramu 240 za kloridi ya nikeli kwa lita, pamoja na takriban mililita 120 za asidi ya haidrokloriki kali. Kloridi, yaani klorini iliyomo kwenye bafu hilo, huuvunja utando huku nikeli ikijipanga juu ya chuma tupu. Ukiruka hatua hii fedha itabanduka kama ganda, pengine paneli itakapopozwa kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo wanaoitetea asidi wana hoja nzito.

Lakini kloridi hiyohiyo ikibaki kwenye chuma kilichovutwa na joto la kuchomelea, hukipasua polepole. Vitabu vingi huhofia hali hii kuanzia nyuzi 60 za Selsiasi. Penye asidi iliyojificha, hata joto la chumbani linatosha.

Kwa maoni yangu, kosa kubwa ni mpangilio wa kazi. Bomba likishachomelewa juu ya bamba, huacha mwanya mwembamba ambao asidi huuingia kirahisi na maji ya kusuuzia hayaufikii. Kupima upitishaji umeme wa maji ya mwisho ya kusuuzia, ili kujua kama kloridi imeisha, hakusaidii: kunapima uso wa nje tu, mwanya haumo. Kupaka fedha kwanza na kuchomelea baadaye nako huunguza fedha palepale kwenye kiungo.

Inabaki kuacha fedha na kung'arisha chuma chenyewe. Gharama yake ni joto zaidi kwenye heli, gesi inayopozea ngao, ambalo mtambo wa kupozea utalibeba kila siku. Mzigo huo unahesabika mapema na mashine huongezwa uwezo. Bomba linalovuja ndani ya ombwe, likiwa limefunikwa na sumaku, halifikiki bila kuufumua mtambo. Penye mwanya usiosuuzika, ningechagua kung'arisha. Kwenye bamba tupu lisilo na kiungo, bafu la nikeli na fedha bado ni kazi nzuri.