Hasi moja iliyosomwa kuwa ndiyo

Wanaodai kwamba funksheni zote za maktaba ya programu (mkusanyo wa msimbo ambao programu nyingine huuita) ziripoti hitilafu kwa kanuni moja huonekana watu wa urembo, kana kwamba kazi yao ni kupanga vikombe kabatini. Hoja yao ni nzito kuliko hivyo, na ushahidi wake umo katika OpenSSL, maktaba ya usimbaji inayolinda mawasiliano ya mtandaoni.

Funksheni ya EVP_VerifyFinal, inayohakiki sahihi za kidijitali, hurudisha 1 ikiwa sahihi ni halali, 0 ikiwa ni batili, na -1 uhakiki wenyewe unapokwama. Katika lugha ya C, 0 pekee ndiyo huhesabiwa kuwa siyo. Namba nyingine yoyote, hata hasi, ni ndiyo. Kwa hiyo aliyeandika if (!EVP_VerifyFinal(...)), yaani "jibu likiwa siyo, kataa", aliikataa sahihi ya uongo iliyoandikwa vizuri, lakini akaipokea ile iliyovurugwa kiasi cha kutosomeka. Januari 2009 ilitangazwa, kwa namba CVE-2008-5077 ya orodha ya umma ya kasoro za usalama, kwamba kosa hilo limo ndani ya OpenSSL yenyewe: mshambuliaji aliyejipenyeza katikati ya mawasiliano angeweza kujifanya seva halali kwa sahihi mbovu ya DSA au ECDSA, ambazo ni mbinu mbili za kutia sahihi za kidijitali. NTP, programu ya kulinganisha saa za kompyuta, na BIND, seva ya majina ya mtandao, nazo zilikutwa na kasoro ya aina hiyo hiyo. Mwongozo ulikuwa umeitaja -1 waziwazi, na bado walioteleza ni pamoja na watunzaji wa maktaba. Sijui ni msomaji gani mwingine wa mwongozo tungemtegemea kuwa makini zaidi yao.

Upande wa pili nao una haki yake. Kiolesura cha umma, yaani funksheni ambazo programu za nje huziita, ni ahadi, na kuibadili -1 kuwa 0 leo kungewaumiza wale wale waliokuwa waangalifu, ambao programu zao hutofautisha sahihi batili na uhakiki uliokwama. Tofauti hiyo ina maana. Ila OpenSSL tayari ina foleni ya hitilafu, isomwayo kwa ERR_get_error, ambamo sababu ingeweza kukaa bila kubebeshwa jibu la ndiyo au siyo.

SQLite, maktaba ya hifadhidata, ilipita njia nyingine. Kauli ya hifadhidata iliyotayarishwa kwa sqlite3_prepare ilipokwama, sqlite3_step, inayoitekeleza, ilirudisha SQLITE_ERROR tu, na sababu halisi ikajulikana baada ya kuita sqlite3_reset, mzunguko ambao wengi waliusahau. Mwaka 2007 ikaja sqlite3_prepare_v2, ambayo hufanya sqlite3_step itoe sababu papo hapo, na ile ya kwanza ikaachwa ilivyo. Hakuna programu iliyovunjika. Naiona njia hii kuwa bora, ingawa si ya bure: jina la zamani ndilo fupi, na anayejifunza kwa mfano wa miaka hiyo atalinakili bila kompaila, programu inayotafsiri msimbo, kumnong'oneza lolote.