Madamu wa teatre aende Ulaya, ila si mwaka huu

Mwenzetu mmoja, madamu wa sekondari huko Katuba, amekubaliwa na chuo kikuu cha Uingereza kusomea ufundishaji wa maigizo. Habari ilipoenea, walimu na wachezaji wa teatre hapa Lubumbashi waligawanyika. Kuna wanaosema afunge mzigo leo, bahati ya namna hiyo haimngojei mtu. Kuna wanaomlaumu kwamba anavuka bahari kutafuta kitu ambacho wazee wetu walikuwa nacho.

Hawa wa pili wasidharauliwe. Taja teatre Lubumbashi, mtu wa makamo atakujibu Mufwankolo. Kundi lile lilicheza redioni na kwenye televisheni kwa Kiswahili chetu cha nyumbani na sokoni. Na namna yao ya kutunga ni somo kamili la ualimu. Hawakuwa na maandishi ya kukariri. Walikaa, mmoja akaleta wazo, wakalibishania, wakakubaliana hadithi ianzie wapi na iishie wapi, wakagawana nafasi. Maneno kila mmoja aliyapata mwenyewe akiwa anacheza. Mwaka 1986 waliuchukua msemo kwamba mamlaka huliwa mazima, wakaubishania mpaka ukazaa mchezo wa chifu na watu wake, wakaucheza kijijini. Kwa mwalimu mwenye wanafunzi hamsini na vitabu viwili, hiyo ni mali.

Lakini tumeyajuaje hayo kwa undani? Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikaa na kundi hilo, akarekodi mazungumzo yao, akayanakili kwa Kiswahili walichokisema, na kitabu kikachapwa Marekani mwaka 1990. Katika shule nilizopitia sijawahi kukiona. Hilo linaniuma, na ndilo linaloniegemeza upande wa safari. Kuchukua kile wazee walichokifanya kwa mazoea, ukakipanga hadi mwalimu wa Likasi au Kolwezi aweze kukijaribu darasani kwake Jumatatu asubuhi, ni ujuzi unaosomewa.

Tena, wanaodhani Waingereza watamfundisha mambo ya taa na mapazia hawajasikia habari za Dorothy Heathcote. Mwanamke huyu aliacha shule akiwa na miaka 14 akaingia kiwanda cha kufuma sufu. Mwenye kiwanda ndiye aliyemlipia masomo ya teatre. Baadaye, akifundisha Newcastle, aliingia yeye mwenyewe ndani ya mchezo, pengine kama mtu mwenye shida, na watoto wakalazimika kumtafutia njia. Aliwapa pia watoto dhamana ya wataalamu, wakabeba kazi ya kubuni kwa uzito wa watu wazima. Ilete hiyo Katuba. Darasa zima ni wakaguzi waliotumwa kwenye kijiji ambacho mto wake umebadilika rangi baada ya mgodi kufunguliwa. Watahitaji kemia, hesabu, barua ya Kifaransa kwa wakubwa, na Kiswahili cha kumhoji mama anayechota maji pale. Yule mtoto anayenyamaza kutwa kwa kuogopa Kifaransa, ambaye baba yake anashuka mgodini, siku hiyo ndiye atakayeulizwa na wenzake.

Gharama ipo, na wanaomshangilia hawaisemi. Kikundi cha teatre cha shule kinaishi kwa mfuko wa madamu huyu: vitambaa ananunua yeye, nauli ya mazoezi anatoa yeye, kutoka katika mshahara na ile primi, pesa ambazo wazazi huwachangia walimu. Akiondoka, sioni nani atakishika. Na mji wetu umeshazoea teatre kupisha mambo mengine; Jumba la 30 Juin, lililojengwa miaka ya 1950 kuwa ukumbi wa maigizo, sasa linakalisha bunge la jimbo. Kuhusu hofu kwamba hatarudi, sina la kusema. Hilo ni lake na nyumba yake.

Wengine wamemshauri Bagamoyo, kwenye chuo cha sanaa kilichofunguliwa mwaka 1981, au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ushauri mzuri. Barabara ya Kasumbalesa na Tunduma inafika, na huko atakuta watu waliofikiri mambo haya kwa Kiswahili: mwanzoni mwa miaka ya 1980 Penina Mlama, mwalimu wa chuo hicho cha Dar es Salaam, na wenzake walikwenda kijiji cha Malya, wanakijiji wakalitazama kwa maigizo na ngoma suala la wasichana wa shule kupata mimba. Ningekuwa mimi, ningeanzia huko. Lakini nafasi aliyopata ni ya Uingereza, na sitamwambia aitupe.

Ninachomwomba ni kuwaandikia wale wa chuo wamsogezee nafasi kwa mwaka mmoja. Vyuo vingi hukubali. Mwenye ufadhili ndiye mgumu, naye aulizwe mapema. Katika mwaka huo awapitie wachezaji wa zamani waliobaki, katika mitaa yetu ya Kamalondo na Kenya, popote walipo, na simu yake ya kurekodi. Awaulize ugomvi wa mazoezini ulimalizwaje, mchezaji mgeni alifundishwaje, nini kilifanyika mtu aliposahau njia katikati ya mchezo. Na Jumamosi awachukue wawili watatu kati ya wanafunzi wake wakubwa waketi naye wakisikiliza, kwa maana hao ndio watakaoshika kikundi yeye akiwa Uingereza.