Chupa chafu na hesabu ya gramu 52

Kila habari za maabara ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, zinapozuka, kichwa ni kile kile: jua lageuza taka za plastiki kuwa haidrojeni safi. Wasomaji nao hujigawa makundi mawili, wanaoshangilia na wanaosema huo ni usanii wa wataalamu. Mimi naona makundi yote mawili yanapima kitu kimoja, haidrojeni, na ndiyo maana kazi yenyewe haieleweki.

Wala si kazi mpya. Mwaka 1981 Wajapani wawili, Kawai na Sakata, walipata haidrojeni kwa kumulika maji yenye plastiki ya PVC, mwani, wadudu waliokufa, hata kinyesi. Kichocheo chao, yaani kitu kinachoharakisha kazi bila chenyewe kuliwa, kilikuwa na platini, madini ya bei mbaya. Mwaka 2018 kundi la Erwin Reisner pale Cambridge liliachana na platini likatumia kadimi, ambayo ni sumu; mwaka uliofuata likaja na kichocheo cha kaboni nitridi na nikeli.

Tuwape wenye shaka haki yao, maana hesabu wanayo. Chupa ya maji ni plastiki aina ya PET. Ukiiloweka kwenye kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni, inaachana vipande viwili: asidi ya tereftali, ambayo jua haliigusi sana, na glaikoli, ile ile inayotiwa kwenye kimiminika cha rejeta ya gari. Haidrojeni inapatikana kwa kuivunja hiyo glaikoli. Hata ikivunjika yote, kilo nzima ya PET haitoi zaidi ya gramu 52. Tangi za Toyota Mirai, gari linaloendeshwa kwa haidrojeni, hubeba kama kilo 5.6, kwa hiyo kuzijaza mara moja unahitaji chupa 5,400 za gramu 20. Na glaikoli mara nyingi huishia njiani. Ikikomea kwenye asidi ya glaikoli, kilo inatoa gramu 21 tu, na chupa zinapita 13,000. Ongeza kostiki: jaribio la 2018 lilitumia gramu 400 kwa lita, na kila kilo ya PET inameza zaidi ya gramu 400 nyingine kwa kuachana tu. Kwa namba hizo hakuna atakayefungua kituo cha mafuta.

Sawa. Lakini nani kasema chupa ndiyo mafuta? Sehemu kubwa ya haidrojeni ile inatoka kwenye maji. Jua likiyavunja maji peke yake lina kazi nzito, kilojuli 237 kwa kila moli, yaani gramu 18 za maji, na ugumu mkubwa uko kwenye kuitoa oksijeni. Plastiki inalipokea jua mzigo huo: inatoa elektroni, zile chembe za umeme, mahali pa maji, nishati inayohitajika inashuka hadi karibu na sifuri, na gesi inatoka bila oksijeni ya kuilipua.

Sasa chukua chupa iliyopimiwa mafuta ya kula dukani, ndani inateleza, nje imeganda vumbi. Mnunuzi wa chupa kwa kilo anaitupa pembeni, itamharibia mzigo. Kwenye pipa la kostiki mafuta yale yanageuka sabuni na gliserini, na gliserini nayo inatoa elektroni. Moritz Kuehnel, mwanakemia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Swansea wakati huo, alilisema hilo mapema: masalia ya chakula hayazuii kazi, yanaisaidia. Sijui njia nyingine ya kuchakata PET inayofurahia uchafu.

Pingamizi linaloniumiza kichwa ni jingine. Kama kostiki imeshaiachanisha PET, kwa nini usichukue vipande vyote viwili ukatengeneza PET mpya? Kwa chupa safi, nakubali moja kwa moja, jua la nini? Kwa chupa chafu ni tofauti: kuichuja glaikoli kutoka kwenye supu ya sabuni, sukari na rangi ni gharama, wakati asidi ya tereftali unaidondosha chini kwa kutia asidi tu. Basi chukua ile, na supu iliyobaki iachie jua.

Mifuko na ndoo hazimo. Zimeshikana kaboni kwa kaboni, kostiki haizifanyi kitu, na hapo wenye shaka wameshinda.

Kwa hiyo, kama kazi ya jua ni kuimaliza supu ya chupa chafu, ripoti nyingine ikija, kabla ya kusoma haidrojeni imetoka kiasi gani, nitatafuta kwanza kichocheo kilidumu siku ngapi ndani ya supu ile.