Kilwa Kisiwani imepotea kwa nani?

Nimetumiwa tena video ya Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale, pwani ya kusini ya Tanzania. Droni inapita juu ya Msikiti Mkuu, muziki wa msiba, kisha sauti nzito inatutangazia "mji uliopotea". Umepotea kwa nani, jamani? Mashua zinavuka kutoka Kilwa Masoko, mji wa ng'ambo bara, kila siku na watu na viroba vya unga, na hakuna nahodha anayeuliza njia.

Kinachonikera ni kuwafuta wenyeji. Mpiga picha anamsubiri mama mwenye ndoo apite kwanza, maana huyo mama na nyumba yake ya udongo wanaharibu "mandhari ya kale". Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, hakuwa na adabu hizo mbovu. Alifika mwaka 1331, akausifu mji, lakini kisa alichokisimulia kwa raha ni cha watu: fakiri wa Yemen alimsimamisha Sultani al-Hasan bin Sulaiman baada ya sala ya Ijumaa na kumwomba nguo alizovaa. Sultani akaenda akazivua, akampa. Sultani huyohuyo ndiye aliyeupanua msikiti ule. Sasa sisi tunapiga picha kuta na kukata watu.

Hata kuta zenyewe, ziangalie kwa karibu: matumbawe, na katikati yake chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo. Si majini waliojenga hapo. Ni kazi ya mikono ya pwani. Bahari ilipokuwa ikiila Gereza, ngome ya ufukweni, na UNESCO ikauweka urithi huu kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2004, wanakijiji nao walipanda mikoko kuzuia mmomonyoko. Mwaka 2014 ukatolewa kwenye orodha. Haya, nakubali, fedha za wafadhili zilisaidia sana. Ila fedha hazizami matopeni kushika miche.

Na hilo Gereza msiendelee kuliita la Wareno tu. Walijenga ngome pale mwaka 1505, kweli, lakini sehemu kubwa ya mnachokiona leo ni ya zama za Waomani.

Wanaotaka fahari tupu nao wasome mkataba wa 1776, Sultani wa Kilwa wa wakati huo alipokubali kumuuzia Mfaransa Morice watumwa elfu moja kwa mwaka. Hilo droni hailioni.

Kibali cha kutembelea magofu kinakatwa Masoko. Mkishavuka, chukueni mwongozaji mzaliwa wa kisiwani, mlipeni vizuri, na huyo mama mwenye ndoo msalimieni.