Takwimu ya Vifo vya Watoto Inayotumika Kuihukumu Kazi ya Ununuzi wa Kuwajibika

Anayetaka kujenga taaluma katika ununuzi wa madini kwa kuwajibika, yaani kuhakikisha madini yanayonunuliwa hayalishi vita wala ukatili, huonywa mapema kwamba atalipwa kupaka rangi: ataandika ripoti nzuri, na koltani, mawe yanayotoa tantalamu, itaendelea kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kama ilivyokuwa ikitoka. Wakosoaji waliosoma zaidi humwekea mbele takwimu moja ya kutisha kuhusu vifo vya watoto, wakisema ni kazi hii ya kuwajibika iliyoviongeza. Hoja zao nyingine nazikubali. Takwimu hiyo, naona wameisoma kinyume.

Nianze na yale wanayosema kwa haki. Kifungu cha 1502 cha sheria ya Dodd-Frank, iliyosainiwa Marekani Julai 2010, kinazitaka kampuni zilizo kwenye masoko ya hisa ya huko zieleze kama bati, tantalamu, tangsteni na dhahabu wanazotumia zimetoka Kongo au nchi jirani. Ripoti za kwanza zilitoka 2014, na kampuni nyingi ziliishia kusema hazikuweza kujua madini yao yalitoka wapi. Mwaka 2022 shirika la Global Witness likatoa tuhuma kwamba mpango wa ITSCI, unaofunga lebo kwenye magunia ili kuthibitisha asili ya madini, ulikuwa ukipitisha madini ya magendo. ITSCI ilikanusha. Hata hivyo, Oktoba mwaka huohuo Responsible Minerals Initiative, umoja unaozileta pamoja kampuni zinazotumia madini haya, ukaiondoa ITSCI kwenye orodha ya mipango unayoitambua. Mtu akisema kazi hii imejaa makaratasi, simbishii.

Sasa takwimu yenyewe. Mwaka 2016 mwanauchumi Dominic Parker na wenzake walichapisha utafiti kuhusu vijiji vya mashariki mwa Kongo vilivyo karibu na migodi iliyoguswa na sheria ile. Walikuta kwamba uwezekano wa mtoto kufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja uliongezeka kwa angalau asilimia 143. Ni zaidi ya mara mbili. Maelezo yao hayana fumbo: pesa ya mgodi ilipokatika, akina mama walipunguza matumizi ya vitu na huduma za afya ya watoto wao. Kila ninapoisoma namba hiyo huwa najiuliza ni kitendo gani hasa kilichoizaa.

Tufuate tarehe. Sheria ilisainiwa Julai 2010. Septemba, Rais Joseph Kabila akasimamisha uchimbaji katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, na zuio likadumu hadi Machi 2011. Lilipoondolewa, wanunuzi wakubwa walikuwa wameshaamua kukataa madini yasiyo na uthibitisho, wakati maeneo mengi hayakuwa na mpango wowote wa kuyathibitisha. Kanuni za kuripoti zilipitishwa Agosti 2012 tu. Soko lilikimbia kabla kampuni hata moja haijalazimika kuwasilisha ukurasa mmoja. Hakuna aliyekagua shimo, akaliona baya, ndipo akaondoka. Waliondoka kwa sababu kuifuta nchi nzima kwenye orodha ya manunuzi ilikuwa rahisi kuliko kuijua.

Kilichopimwa na Parker, basi, ni kukimbia. Utafiti wake mwingine, alioufanya na Bryce Vadheim na kuuchapisha 2017, unaongeza uchungu: uporaji wa raia uliongezeka, na mapigano yakahamia kwenye maeneo ya dhahabu. Sababu yake inaeleweka. Kikundi chenye silaha kinachoishi kwa kutoza kodi mgodi wa bati, mgodi ukifa, kinageukia nyumba za watu. Na dhahabu haihitaji lori; kilo moja inaingia mfukoni na kuvuka mpaka bila lebo wala daftari.

Mwongozo wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi zilizoendelea, ambao ndio dira ya kazi hii tangu mwanzo, haukuagiza kukimbia. Unasema mnunuzi asimame mara moja pale penye ukatili mkubwa, kama mateso na kazi za kulazimishwa, au pale madini yanapovilisha vikundi vyenye silaha. Lakini kwa matatizo kama rushwa na tozo haramu za walinzi, unamruhusu aendelee kununua huku akirekebisha, mradi mabadiliko yaonekane na yapimike ndani ya miezi sita.

Miezi sita hiyo ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo isiyoonekana kwenye ripoti za mwaka. Afisa anayeijua kazi yake hufika pale gunia la kasiteriti, mawe yanayotoa bati, linapopimwa. Anasoma namba ya lebo na kuilinganisha na daftari la mgodi: tarehe, uzito, jina la shimo. Kisha anakwenda kulitazama shimo. Likiwa limejaa maji na wachimbaji wamebaki wachache, wakati daftari linaonyesha tani zimepanda, anajua magunia yale yamechimbwa kwingine. Njiani anauliza kila kizuizi kinatoza nini, na nani hapewi risiti. Akimaliza humwandikia msafirishaji wa madini masharti na tarehe za kuyatimiza, halafu anarudi kuangalia. Global Witness nao walitilia shaka kwa njia hiyohiyo, walipoona lebo nyingi zikitoka mahali ambapo migodi ilitoa madini kidogo. Aliyefichua udhaifu wa lebo alikuwa anaifanya kazi hii, tena vizuri kuliko waliolipwa kuifanya.

Na hapo kwenye malipo pana lawama ambayo sina namna ya kuikwepa. Gharama za lebo hukusanywa kama tozo kwa tani huku chini, karibu na machimbo, na wanunuzi wa kati huirudisha kwa mchimbaji kwa kumshushia bei. Mtu anayeingia shimoni kwa tochi ya kichwani analipia utulivu wa dhamiri ya mteja asiyemjua. Mpango unaoishi kwa tozo ya tani pia unapungukiwa mapato kila unapozikataa tani. Hilo halirekebishwi kwa kuajiri watu waadilifu zaidi. Linahitaji kampuni za juu, zenye faida kubwa, zilipe.

Kuna pia mahali ambapo kubaki ni kosa. Machimbo ya koltani ya Rubaya, huko Masisi katika Kivu Kaskazini, yaliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwaka 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kundi hilo linavuna angalau dola 800,000 kwa mwezi kutokana na tozo za madini hayo. Anayenunua ya Rubaya analipa vita. Lakini mwaka huohuo Apple ilisema imewaagiza wasambazaji wake wasitishe kupata madini haya kutoka Kongo yote, na Rwanda pia, kwa hofu kwamba ukaguzi huru haukuwezekana tena. Hofu hiyo ni ya kweli kwa Masisi. Kwa Manono, mkoani Tanganyika, mbali kabisa na Rubaya, naona ni 2010 imerudi: mchimbaji wa bati anahukumiwa kwa jina la nchi yake. Na mara hii kampuni haziwezi kusema hazikujua nini hufuata, kwa sababu namba ya Parker imekuwa mezani kwao tangu 2016.

Kwa hiyo kijana aliyeitwa kwenye usaili wa kazi hii asihangaike sana na maneno ya tovuti ya kampuni. Aulize nani ana mamlaka ya kusaini kwamba tutaendelea kununua kwenye mgodi wenye tatizo linalorekebishika, na kama mtu huyo amewahi kusaini. Aulize pia ile tozo ya lebo inalipwa na nani, na bajeti ya kumrudisha afisa mgodini baada ya miezi sita iko kwenye idara ya manunuzi au ya mawasiliano.