Amo naye alikuwa mhadhiri

Makala ninayoijibu hapa inaeleza kazi ya mhadhiri wa falsafa ya Ulaya ya karne ya 17 na ya 18 kana kwamba ni kuwarudia wanafalsafa Descartes, Locke na Kant mwaka hadi mwaka. Nasikitika kwamba hakutajwa mwanafalsafa Anton Wilhelm Amo, aliyezaliwa Axim, katika Ghana ya leo, akapelekwa Ujerumani akiwa mtoto, kisha akafundisha katika vyuo vikuu vya Halle na Jena. Katika tasnifu aliyoitetea kwa Kilatini huko Wittenberg mwaka 1734, alishikilia kwamba kuhisi ni jambo la mwili ulio hai wala si la nafsi, na akambana Descartes kwa maneno ya barua zake mwenyewe, ambamo Descartes alikubali kwamba nafsi huathiriwa pamoja na mwili. Nimeandika “nafsi” kwa kusitasita, maana neno la Kilatini alilotumia Amo, *mens*, laweza pia kuwa “akili” au hata “roho”, na kila chaguo hubadilisha hoja. Saa nzima ya mhadhara huweza kuishia kwenye neno hilo moja, na mimi sioni kuwa imepotea.