Shangingi la milioni 30: unanunua gari au unarithi deni la mtu?

Wiki iliyopita shemeji yangu kanipigia saa mbili usiku, sauti imejaa furaha, kaona Range Rover Sport ya 2008 kwenye yadi moja hapa Dar, nyeusi, milioni 32, siti za ngozi hazina hata mkunjo, rimu kubwa, anataka kesho yake mchana nimsindikize akalipie. Yani sio tukaiangalie, akalipie. Nikamuuliza, shem, mwenye nayo anaiuza kwa nini? Akasema dalali kamwambia jamaa anasafiri. Basi? Basi, ndo hivyo. Nilipokata simu nilikaa kimya muda mrefu, maana mwaka 2019 na mimi niliambiwa hivyo hivyo, anasafiri, nikaamini, na yaliyonikuta baada ya hapo ndo yamenifanya niandike.

Kwanza nieleweke. Mimi siko kwenye kundi la wale wanaosema gari za Mwingereza na za Mjerumani usiziguse kabisa. Ninayo Land Rover Discovery 3 ya 2006, dizeli 2.7, ndo hiyo hiyo ya 2019, naiendesha kila siku kutoka Goba mpaka Posta na Desemba imetupeleka Mbinga familia nzima na mizigo juu, tumepanda mlima Kitonga nyuma ya malori na mshale wa joto haukutikisika. Gari ile inapita kwenye barabara mbovu kama iko kwenye lami, ina uzito wa kama tani mbili na nusu lakini ukiwa ndani husikii, watoto wanalala nyuma. Naipenda kweli. Ninachosema ni kitu kimoja tu: gari ya namna hii ikishuka bei mpaka tukaiweza watu wa mshahara, mara nyingi imeshuka kwa sababu kuna mambo mwenye nayo alitakiwa ayafanye na hakuyafanya. Hilo ni deni. Na deni la matengenezo halifutiki kwa kubadilisha jina kwenye kadi ya gari, linahama na gari linakuja kulala kwako.

Watu wengi tunapiga hesabu ya kununua tu. Gari ambayo ikiwa mpya ilikuwa bei ya nyumba, leo unaipata kwa bei ya Toyota IST mbili, unaona umeokota. Lakini kilichoshuka ni bei ya gari, spea yake haijashuka, kompresa ni ile ile, sensa ni ile ile, gia boksi ni ile ile ya gari ya mtu mwenye hela. Ukiwa na milioni 30 usinunue gari ya milioni 30, nunua ya milioni 20 nzuri ubaki na 10 mfukoni, na kama hiyo ya 20 nzuri haipo basi bado haujafika wakati wako wa kumiliki shangingi, subiri. Najua inauma kusikia hivyo, mimi nisingetaka kusikia.

Sasa yangu. Nilinunua kwa mtu binafsi, milioni 27, mchana wa Jumapili, nikaikuta imeoshwa, imewashwa, AC inapuliza, muziki unalia. Nikazunguka nayo kidogo, ikawa tamu, nikalipa. Asubuhi ya tano natoka nje naikuta kona ya mbele kushoto imelala. Tairi ina upepo wake wote, ila bodi imeshuka mpaka fenda imekaribia kugusa tairi, kama ngamia anayetaka kupiga magoti. Nikawasha, ikaunguruma kidogo kwa chini, ikajiinua taratibu kwa kama dakika moja, ikakaa sawa. Nikaondoka zangu. Wiki tatu nimeishi hivyo, inalala usiku inaamka asubuhi, mpaka siku moja haikuamka, taa ya njano kwenye dashibodi na gari imekaa chini kabisa, kila tuta ni kama unapigwa teke mgongoni.

Ngoja nieleze kinachotokea maana hapa ndo hela nyingi zinapotea. Hizi gari nyingi hazina springi za chuma, zimebebwa na maputo manne ya mpira yaliyojazwa upepo, kuna kompresa ndogo imefungwa chini ubavuni kazi yake kuyajaza. Puto likizeeka linapata nyufa kwenye mikunjo, upepo unatoka polepole usiku kucha, asubuhi kompresa inajaza, ukipaki linavuja, ukiwasha inajaza tena. Ile kompresa haikutengenezwa ifanye kazi mfululizo, inachemka, inachoka, mwisho inaungua. Kwa hiyo aliyeacha puto moja bovu anakuachia mawili, puto na kompresa, na akiacha zaidi ni maputo yote manne maana ukibadilisha moja ya mbele na la pili lina umri ule ule.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja mtu mzima kule Gerezani. Hakukimbilia kompyuta. Alichukua chupa ya kupulizia, maji na sabuni ya unga, akaifanya gari iinuke kwa upepo wa kuchomeka kutoka nje, akalala chini akapulizia lile puto mkunjo kwa mkunjo. Sekunde chache tu povu likaanza kutoka sehemu moja, vipovu vidogo vidogo vinapanda juu ya vingine kama uji unaotaka kuchemka. Akaniita, mwanangu inama uone mwenyewe. Halafu akanionyesha kompresa, nati zake zimeliwa na spana, ina maana imefunguliwa zaidi ya mara moja kabla yangu. Akasema aliyekuuzia alikuwa anajua. Yule bwana nilimpigia, simu ikawa haipokelewi, na mpaka leo nikipita mtaa ule nasikia moyo unapanda.

Lakini puto lilikuwa dogo. Kubwa ni belti. Injini ile ya 2.7 dizeli ina belti mbili na watu wengi hawajui, moja ya mbele ndo ya taimingi, nyingine iko nyuma ya injini inazungusha pampu ya dizeli. Mwongozo wa kiwanda unasema zibadilishwe kila miaka 7 au maili 105,000, ambayo ni kama kilometa 169,000, kipi kitangulie. Muuzaji aliniambia belti imebadilishwa na kweli ilikuwa imebadilishwa, ile ya mbele, ya nyuma haijaguswa tangu gari itoke kiwandani, imekauka ina nyufa kama kisigino cha mtu anayetembea peku. Miaka 13. Ile ya nyuma ikikatika injini inazima papo hapo, na ukiwa unapita lori kwenye mlima unaelewa maana yake. Ya mbele ndo mbaya zaidi, ikikatika valvu na pistoni zinagongana na hapo huna injini tena. Kwa hiyo mtu akikwambia belti ilibadilishwa uliza ipi, lini, kwenye kilometa ngapi, na karatasi iko wapi.

Na gia boksi pia. Ni ya gia sita, ya kampuni ya ZF ya Ujerumani, gia boksi nzuri sana, imefungwa kwenye magari mengi ya Kijerumani pia, ila ilizunguka imani kwamba oili yake ni ya maisha haibadilishwi. Watengenezaji wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilometa 80,000 na 120,000 kulingana na matumizi. Filta yake imejengwa ndani ya sampu ya plastiki, lile bakuli la oili la chini, huwezi kuitoa peke yake, unanunua sampu nzima na oili yake maalumu, kwa hiyo mtu akiona bei anamwaga oili nyekundu ya kawaida anafunga. Yangu ilikuwa inashtuka ikitoka gia ya tatu kushuka ya pili, kishindo kidogo tu, nikidhani ndo tabia yake.

Novemba mpaka Machi nilitoa milioni 11 na ushee. Ada ya shule ya muhula wa kwanza mwaka ule nililipa kwa kukopa kwenye VIKOBA vya mke wangu, na hilo ndo lilinikera kuliko milioni zenyewe, maana yeye alikuwa ameniambia tununue Prado. Sasa hivi gari imetulia, na imetulia kwa sababu nililipa deni la mtu mwingine lote, sijabahatisha.

Prado na VX za Toyota nazo tuongee. Zinavyoshikilia bei watu wanalalamika lakini ina sababu, Land Cruiser 100 ya kuanzia 1998 mpaka 2007 yenye dizeli ya 4.2 ukiharibikiwa nayo Sumbawanga au Tunduma utapata fundi anayeijua na spea ipo duka la karibu. Ule usalama ndo unaulipia. Mtu wa kusafiri mikoani kila wiki kwa kazi, ushauri wangu nenda huko. Ila na huko kuna mtego, Lexus LX470 inafanana kabisa na VX na mara nyingine ni nafuu, mtu anaichukua akidhani ni VX ya kifahari, kumbe chini ina shokapu za haidroli zenye oili na mitungi ya gesi, zikichoka hesabu yake ni nyingine. Na V8, zile Land Cruiser 200 zilizotoka 2007, nyingi zinazouzwa zilikuwa za ofisi. Kuna watu wanazikimbia kwa sababu zimepiga barabara mbovu, mimi nazitafuta, gari ya mradi au ya shirika iliyouzwa kwa mnada mara nyingi ina logibuku na servisi zake zimeandikwa tarehe kwa tarehe, naona ni bora kilometa 280,000 zilizoandikwa kuliko 96,000 za kwenye mita ambazo hakuna anayeweza kuzithibitisha. Mita inarudishwa nyuma mchana kweupe, lakini pedali ya breki iliyolika na usukani uliong'aa upande wa juu havirudi.

Wengine wanasema bora kuagiza mwenyewe nje. Sawa, ila ingia kwanza kwenye kikokotoo cha TRA. Ushuru wa forodha 25%, injini ikizidi cc 2000 kuna ushuru wa bidhaa 10%, VAT 18% juu ya vyote, na gari ikiwa imezidi miaka 8 kuna ushuru wa uchakavu. Vinapandiana. Gari uliyoiona rahisi kwenye mtandao inaweza kufika bandarini ikakutaka hela karibu sawa na ya kuinunulia. Ukinunua ya hapa hapa umeepuka hiyo ila una mengine ya kuangalia, deni la faini za trafiki, deni la parking, na kama kadi halisi ipo mkononi mwa muuzaji au ipo benki kama dhamana. Fotokopi ya kadi usiilipie.

Na Dar yetu hii angalia mafuriko. Nyanyua zulia la mbele, bonyeza sponji iliyo chini yake kwa kidole, inuse. Gari iliyoingia maji haipotezi ile harufu hata ipuliziwe manukato gani, na haya mashangingi yana kompyuta kila mahali, kutu ikianza kwenye soketi za waya utabadilisha vifaa vizima huku tatizo ni waya.

Turudi kwa shemeji. Nilimwambia nitakuja, ila sio mchana, tuende saa kumi na mbili asubuhi na gari isiwashwe kabla hatujafika. Range Rover Sport ile ya 2008 na Discovery yangu ni ndugu kwa chini, kwa hiyo nilijua pa kutazama, ilivyolala usiku, injini inavyowaka ikiwa ya baridi, moshi wake wa kwanza. Dalali akasema sawa. Tumefika tukaikuta inaunguruma, boneti ya moto, imeinuka sawa pande zote. Nikamuomba tuizime tukae nayo masaa matatu, nikatoa hata hela ya chai, akasema ana wateja wengine wanne wanaisubiri. Nikamuuliza risiti ya servisi hata moja, akasema mwenye gari ni mtu mkubwa hahifadhi vikaratasi. Shemeji alikuwa ameshika bahasha ya hela kwenye koti muda wote huo, namuona jasho linamtoka, anaitazama ile gari anavyoipenda, na namuelewa kabisa. Tukaondoka. Njia nzima mpaka Ubungo hakunisemesha.

Juzi kanitumia picha ya nyingine, ya mama mmoja Mbweni, milioni 38, rangi ya fedha, ina mkwaruzo mlango wa nyuma na siti ya dereva imechakaa. Ila picha ya nne ni faili la kijani lililojaa risiti, nikazivuta nikasoma, belti ya mbele na ya nyuma 2021, sampu ya gia boksi, maputo mawili ya mbele. Shemeji anaona sita zaidi ni nyingi. Jumamosi alfajiri tunaenda kuiona, mama kakubali isiwashwe tangu Ijumaa jioni, na chupa yangu ya maji ya sabuni nimeshaiweka kwenye buti.